Nimemwambia Binti Yangu Kuna Daraja

Kabla sijafungua barua ya wiki hii, naomba mniache nijisifu kidogo, maana nisipojisifu mimi hakuna mwingine mwenye nafasi ya kazi hiyo. Mimi Evelio Mesén ni mtu mwenye bahati kuliko wote kusini mwa nchi hii. Nimepika kwenye meli miaka ishirini na miwili, nimepita mfereji wa Panama mara nyingi kuliko samaki wake, nimekula pweza kwa Wagiriki na kutupwa nje ya baa kwa lugha sita. Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nilifika kwa sababu mwalimu alikuwa anamtaka shangazi yangu. Lakini bahati yangu kubwa si hizo safari. Bahati yangu ni mwanangu Greivin. Yuko Kanada, kwenye baridi ya kugandisha mate, na kila mwaka mwezi kama huu wa Oktoba, mvua zikiwa zimetukalia kichwani na watu wenye akili wakipanga kwenda kwingine, yeye anapanda ndege kuja kumwona baba yake. Wiki iliyopita alikuwa hapa. Alikaa kwenye kiti cha mkono wangu wa kulia wakati naandika ukurasa huu, akamaliza bakuli zima la matunda ya pejibaye ya kuchemsha na mayonezi yake, akanisahihisha herufi, kisha akalala kwenye bembea ya kamba mpaka mvua ikamlowesha miguu. Kwa hiyo mambo ya watoto walio mbali na wazazi wanaowangoja, mmeyaleta kwa fundi.

Sasa barua.

*

Don Evelio mpendwa, nakuomba unitoe kwenye shimo nililolichimba kwa mdomo wangu mwenyewe, maana zimebaki siku kumi na sita tu na kila siku nalichimba zaidi.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na saba, nina vyumba vitatu vya kupangisha wageni na kuku ambao nimeacha kuwahesabu, naishi ng'ambo ya mto Guabo, ile ng'ambo isiyo na lami. Jina langu usiliandike, ingawa ukishaandika ng'ambo ya mto Guabo watu wote watajua ni mimi, basi fanya hivyo hivyo.

Binti yangu Yorleny aliondoka nyumbani akiwa na miaka ishirini, sasa huu ni mwaka wa kumi na nne yuko New Jersey, ana mume, ana mtoto wa kike wa miaka mitano anaitwa Amaya ambaye mimi bibi yake sijawahi kumshika hata kidole ila kwenye kioo cha simu, na sababu ya kutorudi miaka yote hiyo mwanzoni ilikuwa makaratasi, na makaratasi yalipokamilika ikawa kazi, lakini chini ya hayo yote, Don Evelio, ni mto. Alipokuwa na miaka tisa tulikuwa tunavuka na gari la jeep la marehemu baba yake, ilikuwa mwezi kama huu, saa nane mchana, mvua ilikuwa imeshaanza kule milimani lakini kwetu tuliona jua tu, tukasema tutawahi, hatukuwahi, maji yakatubeba na gari lote mpaka kwenye mti wa mamón chino ulioinama, tukakaa juu ya paa kwa saa mbili tumeshikana, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatuchumia matunda huku akisema kumbe leo tumeletwa sokoni bila nauli, mimi nikacheka, yeye akacheka, mtoto hakucheka. Tangu siku ile kila tulipovuka alifumba macho. Na siku aliyoondoka alivuka juu ya trekta ya jirani yangu Wagner, macho kayafumba, alipofika upande wa pili akageuka akaniambia kwa sauti ya kushinda maji, "Mama, nitarudi siku wakijenga daraja."

Basi, miaka saba iliyopita walikuja watu wenye kofia za plastiki wakajenga nguzo mbili, moja huku na moja kule, wakapigana picha, wakaondoka, hawajaonekana tena. Juu ya nguzo ya upande wetu kuna kuku wangu mmoja anataga.

Mwezi wa saba mwaka huu binti yangu akapiga simu, akasema Mama, tumepata likizo mwishoni mwa Oktoba, tiketi ziko chini sana maana hakuna anayetaka kuja kwenu mvua zikiwa ndiyo zinamalizia hasira, nikamwambia waache hao, wewe njoo, ndiyo wakati nchi yote ni kijani na vyura wanaimba mpaka unasahau redio. Halafu akaniuliza, "Mama, daraja lipo?"

Nakuapia, Don Evelio, nilitaka kusema halipo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini wewe unatujua sisi, mama yangu alinilea hivi, mtu akikuuliza jambo analolitaka ukamjibu hapana usoni ni kama umemmwagia maji ya kuoshea vyombo, unasema ndiyo, unasema tutaona, unasema Mungu akipenda, na mambo yanajipanga yenyewe baadaye. Nikasema, "Lipo, mwanangu." Na nguzo si zipo?

Ningeishia hapo ningekuwa nimedanganya kidogo tu, lakini alifurahi, alilia kwa furaha, na mtu akifurahi namna hiyo unataka kumwongezea kama unavyomwongezea mgeni mchuzi. Akauliza ni la mbao, nikasema la chuma. Akauliza lina kingo za pembeni, nikasema zipo, tena za njano. Wiki iliyofuata akauliza kama magari mawili yanapishana, nikasema yanapishana na pikipiki inapita katikati. Mwezi wa nane nikaweka taa. Mwezi wa tisa nikajisikia nikimwambia kwamba jioni wazee wanakaa pale na ndoana zao kuvua samaki, na kwamba Wagner ameuza trekta maana hana tena wa kumvuta, na wakati nasema hayo Wagner alikuwa mtoni anavuta gari la maziwa, namwona dirishani.

Jumapili iliyopita Amaya akanionyesha kwenye simu mchoro wake. Kachora daraja la njano, katikati yake mimi na yeye tumeshikana mikono, chini yetu samaki wanacheka. Akaniambia, "Bibi, tukutane katikati." Nikamwambia sawa, nikakata simu nikaenda kukaa kwenye banda la kuku mpaka nikaitwa.

Wanafika tarehe ishirini na nne. Watakodi gari uwanja wa ndege waje wenyewe mpaka huku, mkwe wangu anaitwa Darek, kijana mpole, sijawahi kuonana naye, ameshanunua ramani na ananiandikia ujumbe kwa Kihispania cha vitabuni kwamba anayo heshima kubwa ya kuelekea kuvuka daraja la mama. Na mto ndio huu ulivyo sasa, pale tunapovukia kuna jiwe tunaloliita Ajuza kwa sababu limeinama kama bibi anayefua, ukiuona mgongo wake unavuka, ukiona kichwa tu unamwita Wagner, usipoona kitu unarudi nyumbani kuchemsha kahawa. Tangu Jumatatu tunaona kichwa asubuhi, ikifika saa saba hata kichwa hakuna. Mvua hii si ile ya kuja mchana ikaondoka jioni kama mfanyakazi, ni ile ya kushinda siku nne bila kupumua, viatu vyangu vya kanisani vimeota manyoya ya kijani kabatini.

Nimeuliza watu. Wagner anaona jambo ni rahisi kabisa. "Mwambie limebebwa na maji wiki hii," ananiambia. "Madaraja yanabebwa kila mwaka, nani atashangaa? Mimi mwenyewe nitasimama pale mtoni nilie mbele yao." Grettel, ambaye ni mama wa ubatizo wa Yorleny, yeye anataka niugue, nitoke mapema nikajilaze kwa dada yangu San Isidro, wanikute huko, tumalize likizo huko huko, mto wasiuone hata kwa mbali. Nikamwuliza niugue nini. Akasema, "Chochote kisichohitaji kutolewa damu." Nikamwambia nitalalaje kitandani siku kumi na mjukuu wangu anakimbia sebuleni, akafikiri, akasema basi ugua mguu.

Mimi moyo wangu umeelekea kwa Wagner. Nimeshaanza hata kuyapanga, kwamba lilibebwa Jumanne, kwamba kingo za njano zimeonekana mpaka baharini. Lakini nikiingia kulala namwona yule mtoto na mchoro wake. Na nikisema ukweli naogopa Yorleny atasema basi Mama, tutakuja mwaka mwingine, na mwaka mwingine wa watu walio kule unajulikana ulivyo. Mimi nina sukari, Don Evelio, si mtu wa kungoja miaka kumi na minne mingine.

Nichagulie, tafadhali. Libebwe na maji, niugue mguu, au niseme? Na kama ni kusema, ninasemaje, maana kila nikishika simu mdomo wenyewe unatengeneza ndiyo.

Mimi,
Mwenye Nguzo Mbili

*

Doña Nguzo Mbili,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilisoma nimesimama.

Kwanza nikupe haki yako. Nimeona madaraja ya dunia hii, yanayofunguka katikati meli zipite, yenye maduka juu yake, yenye sanamu za malaika, na sijaona zuri kama lako. Chuma, kingo za njano, taa, magari yanapishana na pikipiki katikati, wazee na ndoana. Ungepewa mwezi mmoja zaidi ungeweka kituo cha polisi na mtu wa kuuza aiskrimu. Wale wenye kofia za plastiki wangekuajiri wewe, sote tungekuwa tumevuka zamani.

Sasa nikuseme, na usifunge gazeti.

Wewe unadhani shida yako ni aibu. Barua nzima unahangaika Yorleny atakuonaje, atakuja au hatakuja, ataahirisha au hataahirisha. Hebu kaa nitembeze siku hiyo mbele yako kama itakavyokuwa. Tarehe ishirini na nne, mkwe wako mpole anachukua gari la kukodi. Anavuka mlima kwenye ukungu, polepole, mikono miwili kwenye usukani. Wanasimama kula. Wanasimama tena kupiga picha jani, kwa sababu watu wa nje hawawezi kuona jani kubwa wakaliacha. Wanafika kwenu saa nane na nusu, mvua inamwagika, kioo cha mbele kimekuwa cheupe. Wamefika mtoni, daraja hawalioni. Darek atafanya nini? Atashusha kioo amwulize mtu. Na huyo mtu atakuwa wa kwetu, Doña, amelelewa kama ulivyolelewa wewe, hataki mgeni aondoke na huzuni. Atanyoosha midomo kuelekea majini na kusema, "Hapo hapo mbele, bwana, Mungu akipenda." Na Darek ataamini limefunikwa kidogo tu. Kwa nini asiamini? Mama mkwe kasema lipo. Kasema magari mawili yanapishana. Mke wake kiti cha pembeni ameshafumba macho, hawezi kumzuia. Na nyuma amekaa mtoto wa miaka mitano na karatasi yake mapajani.

Umeona tulipofika? Aibu tumeiacha nyuma sana.

Mpango wa Wagner. Mtu wa trekta lazima apende vitu vilivyobebwa na maji, simlaumu. Lakini fikiri unachomwambia binti yako. Mto uliobeba daraja la chuma lenye taa, utashindwaje kubeba mtoto wake? Utakuwa umempandisha tena juu ya paa la lile gari. Hatakuja mwaka huu, hatakuja mwakani, na siku wakilijenga la kweli hataliamini hata alikanyage. Halafu mjukuu atataka kuona vipande. Utampa kuku?

Mpango wa Grettel nao. Nimewahi kuugua mguu kwa makusudi, kwenye meli, nikiwa nakwepa zamu ya kuosha masufuria, na nakuambia hakuna ugonjwa unaochosha kama huo, unasahau ni mguu upi. Siku ya pili Yorleny atakupeleka kwa daktari. Daktari hataona kitu kwenye mguu, atapima damu, ataona sukari yako ambayo nina hakika hujamwambia binti yako ilivyo. Umekwenda na ugonjwa wa uongo, umerudi na wa kweli, na likizo imekwisha.

Kwa hiyo utasema. Utasema leo.

Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini na uzime jiko. Piga simu kabla ya saa saba, mvua haijazidi kupiga bati, kwa sababu ukipata kisingizio kwamba husikii vizuri utakata. Usianze na hali ya hewa. Usianze na kuku. Usimwulize amekula nini. Sema hivi: "Yorleny, daraja halipo. Halijawahi kuwepo. Kuna nguzo mbili tu. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka uje." Maneno hayo yanakili kwenye karatasi, bandika ukutani mbele yako, uyasome kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi wa darasa la tano nimeyaandika mafupi makusudi, ili usipate mahali pa kupachika taa.

Halafu unyamaze. Najua kwetu kunyamaza kwenye simu ni kama kumfungia mtu mlango. Nyamaza hivyo hivyo. Usiseme "lakini mvua ikipungua." Usiseme "tutaona." Akilia, mwache alie. Akigomba, gombezwa, na ukitaka kujitetea kuhusu zile nguzo, jifinye. Akikata simu, kaa nayo mkononi. Atakupigia, au atapiga yule kijana mpole, naye mwambie maneno yale yale, polepole, ayatafute kwenye kitabu chake neno kwa neno. Yeye ndiye mwenye usukani, lazima asikie kwa masikio yake.

Wakishatulia ndipo useme la pili. Waje tarehe ile ile, tiketi zile zile. Ila wewe ndiye utakayevuka. Miaka kumi na minne umemngoja mtoto aliyetishwa na mto avuke kuja kwako, na wewe unayelijua lile jiwe kama kidevu chako umekaa upande wa pili unapaka rangi kingo. Usingoje tarehe ishirini na tatu. Asubuhi ya kwanza ambayo Ajuza ataonyesha kichwa, saa kumi na mbili, panda trekta ya Wagner, begi kwenye mfuko wa plastiki, mabuti ya mvua miguuni, viatu vya kanisani uvifute kwa siki. Kalale kwa dada yako, ukiwa mzima wa miguu yote miwili. Kuku mwachie Grettel, hiyo ndiyo adhabu yake. Wageni wa vyumba vyako mwezi huu ni vyura, hawana haja ya shuka.

Kutoka San Isidro chukua basi la asubuhi kwenda San José, siku moja kabla, maana mlima unapenda kumwaga udongo barabarani alasiri. Wasubiri mlangoni uwanja wa ndege. Wasije kusini. Wapeleke Cahuita, upande wa pili wa nchi. Sisi wa huku mwezi huu tukiota kuvu, wale wenzetu wa pwani ya Karibea ndio wana jua lao la mwaka, bahari imelala kama sahani, wali na maharage vimepikwa kwa tui la nazi, na chumba unapata kwa bei ya kujadiliana. Wageni hawaambiwi hayo, wanaambiwa Oktoba nchi nzima iko chini ya maji, na sisi kwa ubishi wa kusini hatupendi kukubali kwamba kuna mahali kunawaka. Mtoto acheze mchangani. Darek apige picha majani yake. Yorleny alale siku nne bila kusikia mto ukinguruma nje ya dirisha.

Baada ya hapo, kama yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, atasema anataka kuona nyumbani, mlete asubuhi mpaka ukingoni. Amwangalie Ajuza. Aamue. Asipotaka kuvuka, msimvute, wala msimtanie, wewe wala Wagner. Marehemu mume wako alikuwa mtu wa raha na ningependa kunywa naye, lakini mtoto hakucheka, umeandika mwenyewe. Siku ile mlitakiwa kumwuliza kwa nini. Mwulize sasa, hajachelewa kujibu.

Na Amaya mwambie kwamba lile daraja bibi alilibuni. Mtoto wa miaka mitano anajua kubuni ni nini kuliko mimi na wewe, wala hatakuchukia. Mwombe mchoro. Ubandike pale ulipobandika yale maneno ya simu.

Unaogopa ataahirisha. Huenda akaahirisha. Mimi si mganga, siwezi kukuahidi. Lakini akiahirisha baada ya kuambiwa ukweli, bado atakuwa na mama ambaye akimwuliza jambo anapata jibu. Hilo ndilo unaloliweka mezani, Doña. Kama atakuja mwaka huu au mwakani ni jambo dogo kuliko hilo.

Utasema mzee huyu anajuaje. Nakwambia ninavyojua.

Miaka tisa iliyopita, mwezi kama huu, Greivin alinipigia simu kutoka Kanada. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mama yake amelazwa. Akaniuliza, "Baba, nije?" Mimi nilikuwa kwenye korido ya hospitali, mlango wa wodi uko wazi, mama yake ananitazama. Mvua ilikuwa ya siku ya tano. Barabara ya mlimani ilikuwa imefunikwa na udongo. Nikafikiri mtoto atatumia pesa yake yote, atakwama San José, atapata wasiwasi bure. Nikamwambia, "Mama yako hajambo. Ngoja Desemba, jua likirudi, utamkuta anakufungia tamale za Krismasi kwenye majani ya mgomba." Nilimwambia na rangi ya blanketi, ili aamini. Tulimzika tarehe nane Novemba, makaburi yamejaa maji, tukiwa wanne.

Tangu hapo nikimpigia Greivin anapokea. Ananisalimu vizuri, ananiuliza mgongo unaendeleaje. Kila ninachomwambia anasema, "Sawa, Baba." Kisha anampigia shangazi yake kumwuliza kama ni kweli.

Piga simu, Doña. Kabla ya saa saba.

Mimi niliandika pale juu kwamba Greivin alikuwa hapa wiki iliyopita. Hakuwa hapa. Hajaja mwaka huu, wala mwaka jana, wala mwaka wowote tangu tumzike mama yake. Bahati niliyojisifia sina.